Siku ya Wageni, Nitakaa Wapi?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wangu, wazazi mliosafiri, na ninyi wahitimu wenzangu mnaonong'ona huko nyuma mkidhani kwa kuwa sioni basi na kusikia sisikii: salamu kwenu nyote. Naitwa Minza binti Nashoni, mwalimu kuanzia leo asubuhi, na furaha hii sijui niiweke wapi. Nikicheka ovyo, mnivumilie.

Nimeombwa niwaeleze maisha ya mwanafunzi asiyeona hapa Iringa. Ndugu zangu, mimi ni mtu mmoja, lakini kila ninapofika wananifanya mtu mwingine. Ipogolo nimewahi kushikwa mkono nikavushwa barabara kuu ambayo sikuwa na safari nayo. Nikashukuru, nikasimama ng'ambo kungoja mwema mwingine anirudishe. Yule mwalimu wetu wa kujitolea kutoka Ulaya, kila akisema "tutaonana kesho" anaomba radhi, tena na tena, mpaka namhurumia yeye.

Na Mlandege je? Mlandege nilikuwa mtakatifu! Mama Kudra, jirani yangu muuza vitenge, alilelewa na bibi yake wa Kilwa akiamini kwamba dua ya asiyeona haikawii njiani. Basi kila Ijumaa, kabla hajafungua duka, ananiletea vitumbua nimwombee. Nikamweleza kwamba mimi ni mwanakwaya wa kanisani. Akaniambia, "Wewe omba tu mwanangu, Mungu atajua pa kuipokelea." Nikaomba. Duka limepanuka, nami nimepanuka kama mnavyoniona. Lakini hata Mama Kudra, kwa wema wake wote, hakuwahi kuniuliza mimi mwenyewe naomba nini.

Ninachokiomba kipo nyumbani. Kwetu Usangu, sisi Wasukuma wafugaji, mgeni akifika watoto huitwa waje wamwamkie. Ila wakija wageni wa posa, mimi hupelekwa nyumba ya nyuma, wasije wakasema ukoo huu una upofu. Posa za wadogo zangu nimezisikilizia ukutani. Msidhani nilichukiwa. Maziwa nilipewa kabla ya wote, na baba aliuza ng'ombe ili nisome. Nilipendwa sana, lakini nyuma ya nyumba, na hilo linauma, nalisema bila kuficha.

Jumamosi ijayo wanakuja kumposa mdogo wangu Mbuke. Baba, najua umekaa mstari wa mbele, kikohozi chako nakifahamu. Nikikuuliza nyumbani utaniambia tutaongea kesho. Kwa hiyo nakuuliza hapa, kwa heshima zote, mbele ya Mgeni Rasmi: wageni wakifika, nitakaa wapi?

Tulieni kidogo, jamani. Anasimama.

Mlioko nyuma hamkusikia, sauti ya baba ni ndogo, acha niirudie mimi. Amesema, "Utakaa mlangoni. Wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye utakayewapokea."

Waheshimiwa, nilikuwa nimeandaa ukurasa mzima wa nukta nundu kuhusu sera ya elimu. Vidole vyangu vimeuacha, naukunja. Mkuu wa Chuo, nisamehe. Ninyi nyote mlionipa masikio yenu, asanteni sana. Mshereheshaji, weka muziki, nataka kucheza na baba yangu.