Mara Tatu Mpaka Tisa

Benchi letu liko kati ya duka la vipuri na kibanda changu cha kushona viatu, kwa hiyo hata nisipotaka, nasikia kila kitu. Asubuhi ile walikuwa watatu, kila mtu na kikombe chake cha kahawa. Kilomita aliendesha malori miaka thelathini. Fundi Saa anatengeneza saa na redio. Wa tatu ni Mwindaji, mwenye bunduki ya kibali na kazi ya kuwazuia nguruwe pori wasimalize mahindi ya watu. Alikuwa amekunjua karatasi yenye picha za darubini za kufunga juu ya bunduki.

— Nataka ya bei ya mtu wa kawaida, akasema. Iwe nyepesi, maana kilima napanda kwa miguu na bega hili limechoka. Na isivute mbali kupita kiasi.

Fundi Saa akaweka kidole kwenye picha ya katikati.

— Hii. Inavuta mara tatu mpaka tisa. Mara tatu kichakani, mara tisa shamba likiwa wazi. Haifiki hata nusu kilo. Ukienda kubwa zaidi, unabeba tofali.

— Mara tisa ni mchezo, akasema Kilomita. Chukua ya mara ishirini na nne. Unakaa barazani kwako, unamwona nguruwe anavyoamka.

— Ukivuta hivyo, hata pumzi yako inatikisa picha.

— Basi asipumue.

— Na ile ya bei ya chini kabisa? akauliza Mwindaji.

— Bunduki yako inapiga teke, akasema Fundi Saa. Risasi kumi tu, ile itakuwa imehama. Unalenga nguruwe, unapata mti.

— Lori langu lilikuwa na kioo cha pembeni, akasema Kilomita. Nikipanda mlima, naona gari ambalo bado halijatoka stendi.

Kilomita tumemzoea. Mwindaji akawa anaitazama karatasi bila kuisoma.

— Alhamisi asubuhi, akasema, niliona nguruwe kwenye mahindi. Mweusi, ameinama, anatikisa mabua. Nikalenga. Kidole kikawa tayari. Akasimama, akanyoosha mgongo, akakohoa. Alikuwa shemeji yangu, anapalilia.

Fundi Saa akateremsha kikombe.

— Alikuona?

— Hakuniona. Jana kaniletea maboga. Mke wangu kayapika. Mimi nimeshindwa kula.



— Ndiyo maana nasema ishirini na nne, akasema Kilomita.

— Mimi sasa nasema kumi na mbili, akasema Fundi Saa. Na taa juu yake.

— Na wakulima wote wavae kengele.

— Nguruwe nao watazizoea kengele.

— Basi nguruwe ndio wavalishwe.

Muda wote huo dada mmoja mwenye sare ya zahanati alikuwa amesimama kwangu kwa mguu mmoja, akingoja nimshonee mkanda wa kiatu. Akawageukia.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba.

— Samahani, lile bango ng'ambo ya barabara limeandikwa nini?

Wote wakatazama. Kilomita akasema ni jeupe. Fundi Saa akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akasema kazi yake ni ya vitu vya karibu. Mwindaji akafumba jicho moja, akafumba la pili. Mimi nami niliinua kichwa na sindano mkononi, kisha nikarudi kwenye kiatu.

Mwindaji akanyanyuka, akavuka barabara. Alikwenda mpaka akaweza kuligusa lile bango kwa mkono. Ndipo akalisoma. Aliporudi, hakutuambia limeandikwa nini, na hatukumuuliza. Alikunja karatasi yake, akaitia mfukoni.

— Binti, pale kwenu macho mnapima siku gani?

— Jumanne, baba. Njoo mapema.

— Na bunduki? akauliza Fundi Saa.

— Naipeleka kituo cha polisi sasa hivi. Ikae huko mpaka nijue ninachokiona.

— Na nguruwe? akauliza Kilomita.

— Waache wale tu, akasema Mwindaji. Mahindi yanapandwa tena.