Hatua Saba za Farasi Biskuti

Nje ya duka la Mahfudh pale Richfield kuna kiti kirefu kilichong'olewa kwenye van ya abiria, na hicho ndicho kijiwe. Usikicheke. Kimekaliwa na vichwa vizito kushinda vile vinavyozunguka kwenye viti vya ngozi kule downtown. Theluji ikishayeyuka tu, Mahfudh hutoa dele lake la shaba, huchemsha kahawa ya tangawizi, na Jumamosi mchana wenyewe hujileta. Sheria za hapo ni mbili. Ndege ikipita, na uwanja wa ndege si mbali, kila mtu hufunga mdomo mpaka ipite, kisha aliyekatizwa huendelea. Na kikombe cha mwisho hupewa aliyesema kuliko wote, maana koo lake limechapa kazi. Kikombe hicho tangu mwaka juzi kina mwenyewe: Salmin, ambaye kijiweni huitwa Honi. Honi ndiye mtu pekee wa Minnesota nzima anayeshindana na ndege, na mara nyingine anaishinda.

Jumamosi hiyo alifika saa nane, akajibwaga kitini kwa kishindo.

— Kaeni vizuri. Ikifika saa kumi mtakuwa mmekaa na supavaiza.

— Salmin, hapo ulipo... alianza Sydney, dereva wa teksi, mtu mpole ambaye abiria wake husinzia kabla ya kufika barabara kuu.

— Sydney, ngoja kwanza. Leo natoa elimu ya bure.

Salmin anafanya kazi kwenye kiwanda kimoja Burnsville kinachofua mashuka ya hospitali. Nafasi ya supavaiza wa zamu ya asubuhi iko wazi. Badala ya kuwafanyia usaili, meneja aliwapeleka wafanyakazi sita kwenye shamba la farasi, siku mbili, na kocha.

— Kocha wa nini? Mbio? aliuliza Mahfudh huku akimimina.

— Wa uongozi, Ami. Mwanamke mmoja wa makamo, buti mpaka gotini. Hakutupa hata karatasi. Alitwambia: kila mtu aingie uwanjani peke yake na farasi, amzungushe mara moja, atoke. Na leo kabla ya saa kumi kila mmoja amtumie meneja jina la mtu ambaye yeye angekubali kumfuata. Jina moja. Hata lako mwenyewe ruksa.

— Na wewe utatuma la nani?

Salmin alimwangalia kama mtu aliyeulizwa maji yana rangi gani. Alitoa simu. Ujumbe ulikuwa umeshaandikwa: Salmin. Ulikuwa unangoja kidole tu.

— Nataka niutume mbele yenu, muwe mashahidi. Mama yangu nimeshamwambia. Mtaa wao mzima unajua.

— Haya, huyo farasi alikukubali? aliuliza Zachariah. Huyu ni muuguzi kwenye nyumba ya wazee Columbia Heights, na kijiweni ni Daktari, cheo alichopewa na Mahfudh bila mtihani.

— Jina lake Biskuti, alisema Salmin, na sauti yake ikashuka kidogo. Siku ya kwanza... tulitofautiana.

— Sema alikukataa, bwana!

— Nilimwambia twende. Hakwenda. Nikamwambia kwa sauti. Akanigeuzia matako. Nikavuta kamba, akasimama kama friji. Mnyama kilo mia tano, utamfanyaje? Wenzangu wanacheka, lakini yule kocha hakucheka hata kidogo. Aliniuliza tu: kabla hujavuta, ulimtazama masikio?

— Masikio yana nini?

— Yalikuwa yamelala nyuma. Yaani alikuwa ananijibu muda wote, na mimi nimo naongea tu.

— Huyo mama ni moto! Daktari alipiga paja. Msee, hiyo ni kweli tupu. Mimi nina mzee mmoja, nikiingia chumbani mbio mbio, dawa hamezi. Nikisimama mlangoni nipumue kwanza, anafungua mdomo mwenyewe. Farasi anasikia moyo wako kutoka ng'ambo ya uwanja. Anausikia kama ngoma!

— Salmin, samahani, hapo chini... Sydney alijaribu tena. Ndege ilipita. Wote walinyamaza, isipokuwa mmoja.

— ... MPAKA AKAINGIA GORETTI! Honi aliimalizia ndege mkia.

Goretti ni mama wa Bukoba anayekunja mashuka. Miaka mitatu Salmin amefanya naye kazi na sauti yake hakuwa akiijua. Aliingia uwanjani, akaachilia kamba ianguke, akashusha mabega, akasimama. Akasimama mpaka wenzake wakaanza kutazama saa. Biskuti alikuja mwenyewe, akamwekea kidevu begani. Mama akatembea, farasi nyuma yake, uwanja mzima, kamba iko mchangani.

— Subhanallah, alisema Mahfudh, na dele likasimama hewani. Basi hapo hakuna siri. Farasi ndiye ofisi ya ajira. Hao mabosi wanaosaini ni makarani wake tu.

— Na wangemwachia kabisa, alidakia Daktari. Vyeti pembeni, barua pembeni. Unaingia, farasi anakunusa, unaanza Jumatatu au unarudi kwenu.

— Hata posa! alirukia Mahfudh. Kijana akija kumtaka binti yangu Khadijah, simuulizi ukoo wala mshahara. Nampeleka shambani. Biskuti akimpa kisogo, kwaheri.

— Na kura je? Wagombea wote uwanjani, mmoja mmoja, bila kipaza sauti. Kampeni dakika tano!

— Jamani, mimi nilitaka kusema tu kwamba hapo... alisema Sydney.

— Sydney, utamu unakuja! Siku ya pili. Kocha alinikalisha pembeni, akaniuliza: ukinyamaza unaogopa kitatokea nini? Nikakosa jibu. Mimi! Nikaingia. Nikaangusha kamba. Nikafunga mdomo. Dakika nne.

Kijiwe kizima kilimgeukia.

— Dakika nne wewe? Ulikuwa umezirai?

— Wallahi tena. Masikio yake yakanyanyuka, yakanielekea. Nikapiga hatua, naye akapiga. Hatua saba, jamaa zangu. Saba, bila kamba! Nilitoka pale machozi yamenijaa, nikasingizia vumbi.

Hapo hakuna aliyemtania. Daktari alimpa mkono. Mahfudh alisema kazi yake ya kwanza alikuwa na bosi aliyewarushia funguo, na lau angepelekwa kwa farasi wiki moja, watu wasingeacha kazi wanalia. Salmin alivimba, akanyanyua simu, kidole juu ya kitufe.

Mlangoni alikuwa ametoka Peris na pakiti ya unga wa ugali. Ni nesi anayekaa ghorofa za nyuma; alikuwa amesimama akisikiliza toka Goretti alipoingia uwanjani.

— Nimeipenda sana hiyo story, kaka. Nikuulize kitu kimoja?

— Uliza, dada yangu.

— Ulipopiga hizo hatua saba, Goretti alikuwa amesimama wapi?

— Getini. Alikuwa ananifungulia.

— Mbele yako ama nyuma?

— Mbele.

— Sasa farasi alikuwa anamfuata nani?

Mahfudh aliangalia ndani ya dele kana kwamba jibu limezama humo. Angani hata ndege ya kuwaokoa haikuwepo.

Salmin aliliona tena lile geti. Aliyaona yale masikio, yamesimama, yanatazama mbele, na yeye katikati. Kisha, bila kutaka, akakumbuka Februari, mashine kubwa ilipokwama. Yeye alikuwa juu ya ngazi akitoa amri kwa sauti zote alizojaliwa, na watu walikuwa wakimpita chini yake kwenda kumuuliza Goretti. Alidhani wanakwenda kuchukua mashuka.

— Sijui, alisema.

Neno hilo lilikuwa halijawahi kutoka kwake pale kijiweni. Aliitazama simu. Akafuta jina, herufi moja moja, kutoka mwisho mpaka kwenye S. Akaandika lingine. Akabonyeza.

— Umetuma la nani? aliuliza Daktari.

— La yule ambaye hata mimi namfuata.

— Na mama yako?

— Nitampigia. Safari hii nitamwacha aseme yeye kwanza.

Ndege ilikuja, chini chini, tumbo lake likifunika paa la duka. Wote walinyamaza. Na Honi akanyamaza. Iliwachukua muda kutambua kinachokosekana; Mahfudh alimtazama usoni kuona kama anaumwa. Peris alitabasamu, akapakata unga wake, akaondoka.

Mahfudh alilipindua dele. Kikombe cha mwisho kilijaa nusu tu, na mkono wake, kwa mazoea, ukaenda kwa Salmin. Salmin alikipokea, akakisogeza kwa Sydney.

— Ndugu yangu, kunywa. Kuna jambo ulikuwa unasema tangu nilipofika. Nakusikiliza.

Sydney alipiga funda taratibu, akafuta midomo.

— Umekalia sambusa zangu.