Mtambo Mmoja kwa Mapaa Kumi na Moja

Sogeeni, wanangu, na wewe Hud izime hiyo simu, maana pumzi niliyobakishiwa haitoshi kushindana nayo. Alyaa, niinulie mto. Zuhair, usisimame mlangoni kama mgeni. Ingia, mengi ya haya ni yako.

Nilitoka Unguja kijana, nikavuka bahari, nikapanda Jabali hili alikozaliwa babu yenu, kwenye baridi inayogandisha maji birikani, nikasomesha skuli miaka thelathini na mbili. Mali sikuchuma, nilichuma jina, na kwa jina hilo kila aliyeletewa karatasi asiyoielewa aliniletea nimsomee. Serikali ilipotangaza ruzuku, kwamba anayefunga mtambo wa jua wa kuchemshia maji atalipiwa gharama, ulikuja, Zuhair, na kampuni yako yenye jina refu kuliko kazi yake, ukaniambia, "Baba, wanakuamini wewe. Wao watie saini tu, mimi nifunge, serikali inilipe, na wao hawatoi hata baisa moja mfukoni." Nikazunguka nyumba kumi na moja na bakora yangu, wajane na vikongwe wakatia vidole vyao kwenye karatasi zako kwa sababu ni mimi niliyewasomea.

Baridi ilipoingia nilikwenda kumtazama Bi Khamisa, mjane wa sahibu yangu, kifua kimembana hawezi kulala chali. Nikamwuliza, "Una maji ya moto, mbona unatawadha kwa haya ya barafu?" Akaona haya kwa niaba yangu, akasema, "Mtambo ulikuja asubuhi, Maalim, wakaupiga picha, adhuhuri wakauchukua. Nikadhani unajua."

Nikadhani unajua! Nimetukanwa na wengi maishani, lakini hakuna tusi lililonichoma kama lile, tena kutoka kwa mtu asiyekusudia kutukana. Nilipanda ngazi kwa magoti haya mabovu, na juu ya paa nikakuta skrubu nne na kipande cha bomba kilichozibwa kwa kitambaa. Nyumba ya pili vivyo hivyo, na ya tatu, hadi ya kumi na moja. Mtambo mmoja, wanangu, umetembezwa mapaa kumi na moja kama joho la kuazima linalopita kila harusi!

Nilipokuuliza ulicheka. "Baba, pesa ya serikali haina mwenyewe." Mwizi wa kuku ana heshima kukushinda, Zuhair, maana yeye huruka ukuta kwa miguu yake na huogopa mbwa, wewe ulipita mlangoni ukimkokota baba yako mzee akubishie hodi. Na mimi sijitoi: mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nilikuchelea tangu ulipokuwa ukiiba makomamanga ya jirani, nami nikiuita werevu.

Basi jueni, ni mimi niliyeteremka mjini Nizwa kukushitaki. Msimtafute mfitini mwengine. Nilimwambia mkaguzi, "Liandike jina langu kabla ya lake, mimi ndiye niliyewashawishi." Kesi yako ikaanzia hapo, wala sijuti.

Sasa mali. Theluthi ninayoruhusiwa kuusia, yaani kile kiwanja changu cha Samail, kiuzwe, na mitambo ya kweli ifungwe kwenye mapaa yote kumi na moja. Hud, utapanda wewe mwenyewe kila ngazi, ufungue bomba, maji yakuunguze vidole ndipo utie saini, picha sitaki. Kilichobaki mgawane alivyogawa Mola, na Zuhair apate fungu lake kamili, kwa kuwa nimeuliza, sheria hainiruhusu kumnyima. Ingeniruhusu, nisingekuachia hata mkeka.

Lakini radhi ni yangu... hiyo haigawiwi na kadhi. Hud, Alyaa, nimekuridhieni, Mungu akujaalieni watoto watakaokusitirini. Wewe Zuhair, radhi yangu nimeiweka kwa Bi Khamisa. Kaiombe kwake, ukae chini sakafuni, umwambie ulichofanya kwa mdomo wako, bila wakili. Akikusamehe, nimekusamehe. Asiposamehe... usiliguse jeneza langu.

Nani anavaa viatu? Mwacheni, Alyaa, usimshike. Hud, simama dirishani. Gari lake liko chini, na nyumba ya Bi Khamisa iko juu... Ameshika njia gani?

Ya juu, wasema, Hud?

Una hakika? ... Basi. Mungu amfungulie ulimi. Nilazeni, wanangu... nilazeni taratibu.