Okei ya Alhamisi

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, Mhandisi Mkuu, viongozi wa chama cha wafanyakazi, madaktari na wauguzi, wenzangu wa chumba cha kufulia, mume wangu na wanangu, habari za mchana.

Ofisi imeniandalia hotuba ya kuaga, kurasa mbili, imepigwa chapa vizuri kabisa. Niliisoma jana nikajitafuta ndani yake, sikujiona. Kwa hiyo naiweka chini, naomba mniwie radhi.

Miaka thelathini na mmoja nimefua mashuka yenu, na leo nataka tuzungumzie neno moja la Kiingereza ambalo hata asiyejua Kiingereza analo mdomoni. Okei. Mume wangu nikimweleza jambo huku anatazama mpira, hujibu "okei", maana yake hajasikia kitu. Usicheke, baba watoto, wanakujua! Binti yangu nikimkanya, "okei, mama", maana yake nyamaza. Mgonjwa akiulizwa anaendeleaje, husema okei, maana yake nirudisheni kwangu. Hizo zote nazisamehe.

Lakini hizi za kazini? Mara tatu tuliandika barua kwamba ile mashine kubwa ya kupigia pasi mashuka, chuma chake cha kinga kinagoma. Hicho ndicho mkono ukikigusa, mashine inasimama. Barua zote tatu zilirudi na okei ya kalamu nyekundu, sahihi chini yake. Mheshimiwa, okei hiyo ilikuwa na maana gani? Nimeona? Nitatengeneza? Msinisumbue? Na wewe Mhandisi Mkuu, usiinamishe kichwa. Ulikuja ukasimama mlangoni, ukauliza, "Si inazunguka? Basi iko okei." Kuzunguka! Hata feni mbovu inazunguka!

Mwezi uliopita, siku ya Alhamisi, mashine ile ikameza mkono wa mwenzetu tunayemwita Chapchap, kwa sababu hakuna anayekunja shuka haraka kama yeye. Vidole vitatu vimekwenda. Yule pale kiti cha mwisho, mkono umefungwa bendeji, na bado amekuja kuniaga. Kesho saa tatu asubuhi kamati inakaa kumfukuza kazi. Kosa lake? Eti uzembe. Ushahidi? Kadi ya ukaguzi iliyobandikwa ukutani. Alhamisi imeandikwa okei, kwa hiyo mashine ilikuwa nzima, kwa hiyo mwenye makosa ni mkono. Jamani, hata haya hamna?

Sasa nisikilizeni vizuri. Kadi ile ina visanduku saba, kimoja kwa kila siku, na kila asubuhi msimamizi wa zamu anatakiwa aijaribu kinga ndipo aandike. Waulizeni wenzangu kama kuna aliyewahi kufanya hivyo. Wodi zote zinapiga kelele zinataka mashuka, watu hatutoshi, basi Jumatatu asubuhi unachukua kalamu, unajaza visanduku vyote saba kwa mkupuo, unaingia kazini. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha hawa. Cheti mlichonipa sasa hivi kinasifu "kumbukumbu zisizo na doa". Doa litoke wapi, na siku zenyewe zilikuwa hazijafika!

Msimamizi wa zamu wiki ile nilikuwa mimi. Okei ya Alhamisi niliiandika mimi, siku ya Jumatatu, na kinga sikuigusa. Mwezi mzima nimeufyata, nikiogopa kuharibiwa sherehe yangu, huku mdogo wangu anahukumiwa kwa mwandiko wangu. Kesho nitakuwa mbele ya kamati na nakala za barua zote tatu. Mkitaka wa kumfukuza, nipo.

Wenzangu, kesho asubuhi ijaribuni kinga kwanza. Ikigoma, zimeni mashine, na anayetaka shuka aende akamwulize Mheshimiwa.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza hadi hapa. Chapchap, mdogo wangu, wewe sikushukuru. Wewe nakuomba msamaha, mbele ya watu wote hawa.