Mwalimu wa Mihimili na Roshani ya Zahanati

Jumatano ya tarehe 12 Machi 2014, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, marehemu alikata roho katika wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, mkono wake ukiwa mkononi mwa muuguzi wa zamu, kwa kuwa mume wake, fundi nondo, ambaye ndiye anayewasomea historia hii, alikuwa ametumwa na marehemu mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Juni 1961, mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari 1978, akaingia chuo cha ufundi, msichana peke yake darasani, na Januari 1983 akaajiriwa chuoni hapo hapo. Kwa miaka thelathini na moja alifundisha kuchora, chini ya kila mhimili, mstari wa nguvu inayotaka kuukata na mstari wa nguvu inayotaka kuupinda, na huu wa pili aliutaka uchorwe upande unaovutika, ili fundi akiutazama tu ajue nondo zinakaa wapi. Wanafunzi walimwita Mama Mstari, naye aliitika.

Mwaka 1984 fundi huyu alisoma kwake kozi fupi, akamwambia, mwalimu, nondo za chuma nazikunja kwa mkono, hizi za karatasi zimenishinda, akajibiwa, basi hamia dawati la mbele, darasa likacheka hadi kengele. Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1985, wakajaliwa binti mwaka 1987 na mtoto wa kiume mwaka 1990.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2012. Januari mwaka huu, akiwa amechoka, aliletewa ramani ya roshani ya zahanati aikague, na mchoraji alikuwa amefundishwa kwingine, kuuchora mstari wa kupinda upande wa pili, usiovutika, marehemu akaona mstari safi, akasaini bila kuuliza.

Jumanne jioni msimamizi wa ujenzi alikuja kumjulia hali, akamfariji kwamba nondo za chini zimeshafungwa na zege inamwagwa kesho saa tatu. Roshani inavutika juu, nondo zake hukaa juu, zikikaa chini inavunjika. Saa kumi na mbili asubuhi marehemu alimwambia mumewe, baba, nimekosea, nenda ukawazuie, mume akampigia msimamizi simu, hakupatikana, akauliza, nikuache na nani, akajibu, na Mungu, wewe nenda, na siku mkinisomea historia yangu, kosa hili lisomeni, wanafunzi wangu walisikie.

Mume alifika saa mbili, mashine ya zege ikiwa inazunguka, msimamizi akamwambia, mzee, zege haina subira, naye akapanda akasimama juu ya nondo, hakushuka mpaka mashine ikazimwa. Alirudi wodini saa nne. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa.

Familia inawashukuru madaktari, muuguzi yule, majirani, walimu wenzake, na mafundi waliozipandisha nondo kufikia Ijumaa.

Ee Mungu, mja wako amekuja kwako bila mumewe kumsindikiza, mpokee Wewe, msamehe alipokosea, umpe pumziko lisilo na maumivu. Amina.