Magunia Nyuma ya Mlango wa Mwalimu Wekoye

Wasikilizaji wapendwa, hebu wacheni kazi za jikoni kidogo mnisikilize. Leo tunamkumbuka Mwalimu Wekoye Mukhwana. Alizaliwa Matisi, pale Kitale, akafundisha shule ya msingi huku Tongaren miaka kumi na sita. Tumemzika Ijumaa, Novemba hii ya 2006. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja tu.

Wengi mlimjua kwa miti. Kila mwanafunzi alipewa mti wake kwenye ukingo wa korongo, na ukikauka mzazi anaitwa shuleni. Wazazi walinung'unika sana, lakini korongo likaacha kumeza mashamba.

Mwaka huu akaanza jambo la moto. Alituma darasa la saba nyumba kwa nyumba, wakae na wenye nyumba, wachore pamoja: moto ukianzia hapa, mtatokea wapi? Michoro ikarudi na jibu moja. Hawatoki. Na sababu mnaijua. Sisi tukishavuna mahindi tunaogopa wezi, basi tunayapanga ndani, gunia juu ya gunia, nyuma ya mlango wa nyuma, tukingoja bei ipande. Nyumba inabaki na mlango mmoja. Narudia, mlango mmoja.

Watu walimkasirikia. Jirani yake, Mzee Wabwile, ameniambia waziwazi: "Mimi nilimfukuza bana. Nikamwambia, mwalimu, unatuma watoto wahesabu magunia yangu, ati unafundisha?" Mwalimu alirudi siku ya tatu. Akavua koti, akaanza kuyahamisha magunia ya mzee kwa mgongo wake mwenyewe. Sasa mtu kama huyo utamkasirikia mpaka lini?

Milango thelathini na minne ikafunguliwa. Wanafunzi wakamuuliza, na kwako mwalimu? Akacheka. "Kwangu mtamalizia."

Kwake hawakufika, wasikilizaji.

Mjane wake, Mama Pauline, anasema: "Magunia yetu yalikuwa ishirini na mawili. Nilimwambia, Baba Kevin, hata sisi tumejifungia. Akasema Jumapili, nikimaliza kwa Wabwile."

Moto uliwaka Jumamosi mchana. Stovu ya mafuta ililipuka chumba cha mbele. Mama yake mzazi, Mama Nakhungu, alikuwa amelala chumba cha nyuma, mguu wake ni mbaya, hatembei vizuri. Mwalimu alikimbia ndani, akamfikia. Alipogeuka, mlango wa mbele ulikuwa umeshikwa na moto.

Kukabaki mlango wa nyuma. Watu walisukuma kutoka nje, ukafunguka upana wa kiganja, ukakwama. Walimsikia akivuta gunia. Akavuta lingine. Walikuwa wanamwita, naye anaitika, na moshi unatokea kwenye huo upenyo. Inaniuma kuyasema haya. Mtu aliyefungua nyumba za wengine wote alikuwa amefungiwa na mahindi yake.

Jeruto wa darasa la saba ndiye aliyepiga kelele: "Si mwalimu alitufundisha kuvunja ukuta! Chimbeni chini!" Ukuta wa udongo huvunjwa chini, karibu na ardhi. Wakachimba kwa jembe, tundu likapatikana. Mama Nakhungu anasimulia: "Alinisukuma, kichwa changu kikatangulia. Nikamuuliza, na wewe mwanangu? Akasema, nakuja, mama."

Paa likaanguka.

Mama Pauline, Mama Nakhungu, Kevin na wadogo zako, na nyinyi darasa la saba, poleni sana. Jeruto, wewe usijilaumu hata kidogo. Tunalia pamoja nanyi, na Mungu awashike.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, sitawahubiria, kwa sababu mimi mwenyewe nina magunia tisa nyuma ya mlango wangu kule Naitiri. Nilitoka kwenye mazishi Ijumaa, nikala, nikalala karibu nayo. Asubuhi hii ndipo nimemwomba mke wangu aite majirani wayatoe.

Sasa nitanyamaza dakika tano. Sitaweka muziki. Tafadhali inukeni, mkajaribu mlango wa nyuma kama unafunguka.