Mzee Gidioni Macha na Gofu ya Jumatatu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Gidioni Elifuraha Macha, mkuu wa wakata nyasi, anastaafu baada ya kutumikia uwanja huu miaka thelathini na mmoja. Kwa wageni watakaosoma kijarida hiki: uwanja wetu wa gofu ni wa umma, hauna ukuta, na upande mmoja unapakana na Mto Rau. Mwenye fimbo anacheza, asiye nayo anakodishiwa. Sisi wengine tulimkuta Mzee Gidioni hapa kama tulivyoukuta mto.

Katibu amenipa kazi hii mimi, Mektrida wa kantini, Mama Kindness kwa walionizoea, kwa madai kwamba habari za kila mtu ninazo. Amesisitiza niweke mambo ya kuchekesha. Nitajitahidi.

Mzee Gidioni alishuka kutoka Kidia, Old Moshi, akiwa kibarua wa kufyeka. Gofu alikuwa hajawahi kuiona, na mwenyewe husimulia kwamba siku za mwanzo alidhani wachezaji wamepoteza kitu porini na wanakitafuta kwa fimbo. Kazi aliijua upesi. Mvua za El Nino zilipofurisha mto na kuzoa nyasi zote za shimo la saba, wakubwa walishauri tuliache, tubaki na mashimo manane. Yeye alipanda na kushuka kando ya mto akichimba nyasi changa, akazibeba kwenye magunia na kuzipandikiza kwa mkono. Mwaka uliofuata watu walicheza hapo kana kwamba hakukuwa na mafuriko.

Ni yeye pia aliyetufundisha adabu ya njia ya miguu. Kina mama wanaopeleka ndizi soko la Kiboriloni hukatiza katikati ya uwanja, na zamani walikuwa wakifokewa wakimbie. Mzee Gidioni alimweleza mchezaji mmoja, kwa upole wake ule unaokera, kwamba aliyebeba mkungu kichwani hawezi kukimbia, ila mpira ulioko chini unaweza kusubiri. Tangu siku hiyo wachezaji wote husubiri, hata wenye vyeo.

Sasa habari ya Jumatatu. Siku hiyo uwanja haupokei wachezaji wa nje, na kuanzia saa kumi jioni watumishi tunaruhusiwa kucheza. Waliokuwa wanaitumia nafasi hiyo ni wawili tu: yeye na marehemu Wenseslaus, fundi wa mashine zetu za kukatia nyasi, Mkatoliki wa Kibosho mwenye kelele nyingi. Dau lao lilikuwa la kudumu. Wenseslaus akishindwa, anamnunulia mwenzake bakuli la mtori wa ndizi hapa kantini. Gidioni akishindwa, ananunua mbege, ingawa yeye ni mzee wa kanisa la Kilutheri na pombe haigusi. Nilikuwa nawasikia kutoka jikoni, wakibishana tangu shimo la kwanza mpaka la tisa.

Wenseslaus alifariki miaka sita iliyopita. Jumatatu iliyofuata mazishi, Mzee Gidioni alikwenda uwanjani na mipira miwili. Alipiga wake, akapiga wa Wenseslaus, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Wala hakumpendelea mtu. Alikuwa akishindwa, anafika kantini amenuna kabisa, na ukimuuliza anakueleza kwamba Wenseslaus leo alikuwa na bahati ya ajabu pale mtoni. Baada ya hapo hununua mbege, huitia kwenye kidumu, na kuipeleka mtaani Rau kwa mjane, Mama Zita. Mama Zita aliniambia alikuwa akikiona kidumu tu anajua mume wake ameshinda, na siku hiyo anapika vizuri.

Bila shaka watu wakasema. Mzee wa kanisa juu ya baiskeli, kidumu cha mbege kinaning'inia, tena mbele ya macho ya watu. Mchungaji alimwita kumhoji, naye akajibu kwamba ameshindwa gofu na marehemu. Nasikia mchungaji alimshauri tu awe anakifunika kwa mfuko.

Mwaka jana Mama Zita alichukuliwa na binti yake kwenda kuishi Mwanza. Tangu hapo Mzee Gidioni anacheza na mpira mmoja. Kwake Kidia mke alishatangulia, na watoto wako Dar es Salaam. Desemba nyumba hujaa wajukuu, magari hukosa pa kuegeshwa. Ikifika Januari anabaki yeye na ng'ombe. Jumatatu jioni namwona dirishani kwangu akitembea kando ya mto, kimya, anapiga, anafuata mpira, anapiga tena. Inaniuma kumtazama, nami nimemtazama hivyo mwaka mzima huku nikiosha sufuria.

Mwezi uliopita meneja wetu, Bwana Basili, alimuuliza mbele ya kikao angependa zawadi gani. Tulitegemea ataje mtamba au mabati. Mzee Gidioni alisimama, akavua kofia, akasema, "Ng'ombe ninaye na nyumba haivuji. Kama hamtajali, nipeni mtu wa kucheza naye Jumatatu."

Tulipiga makofi. Kisha kila mmoja akaanza kukumbuka Jumatatu yake: huyu ana kikundi cha kukopeshana, yule ana kwaya, mwingine mgongo. Mwishowe tukachanga, tukamnunulia tanki la maji. Ni tanki zuri, lita elfu mbili. Ila nililiona linashushwa kwenye gari, nikaona aibu.

Jumatatu iliyofuata nilifunga kantini mapema, nikamfuata shimo la kwanza. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia fimbo sijawahi kuishika. Akanichagulia moja fupi, akanionyesha pa kuweka miguu. Nilikosa mpira, nikang'oa pande la nyasi alizozitunza tangu mimi nikiwa shule. Nilikosa tena. Nikamwomba radhi kwa kumchelewesha, maana kiza kilikuwa kinakaribia na tulikuwa hatujasogea hata hatua moja.

"Piga tena, Mama Kindness," akasema. "Mimi sina haraka."

Mzee wetu, kwa niaba ya watumishi wote, asante kwa shimo la saba, kwa njia ya kina mama, na kwa uvumilivu wako kwetu. Tunakuombea afya, amani na maisha marefu yenye heri huko Kidia. Na Jumatatu usianze mpaka nifike.